Telesphor Anakwenda Tabora Kuchagua Betri

Mwaka wa sabini na tano Landrova ya misheni ilikuwa ikilala juu ya kichuguu, na aliyeipandisha huko ni dereva wake, Telesphor, mtu wa miaka thelathini na minane aliyejua magari kuliko mtu yeyote kati ya Mto Katuma na Ziwa Rukwa. Hayo ya kujua magari aliyasema yeye mwenyewe. Hakuna aliyembishia, kwa sababu kati ya Katuma na Rukwa madereva walikuwa watatu, na mmoja wao alikuwa amesharudi kwao Ufipa.

Misheni ilikuwa upande wa Mpimbwe, kwenye bonde lililonyooka kama sinia, mahali ambapo ukiangusha boga linabaki pale pale lilipoanguka. Dereva mwenye betri dhaifu anahitaji mteremko: jioni anaegesha gari juu, asubuhi analiachia liteleze, anatia gia, injini inashtuka na kuwaka. Telesphor hakuwa na mteremko. Alikuwa na kichuguu nyuma ya ghala la mpunga, kirefu kuliko mtu, naye akakichonga kwa jembe na chepeo siku tatu hadi kikawa na njia ya kupandia upande mmoja na ya kushukia upande wa pili. Alipomaliza alisimama juu yake, mikono kiunoni, akajiona mhandisi.

Taabu ni kwamba kichuguu kilikuwa kifupi. Siku moja katika tatu gari liliwaka. Siku mbili zilizobaki lilifika chini likiwa kimya kabisa, likasimama kwenye nyasi, na hapo Telesphor alikwenda kugonga kile kipande cha reli kilichoning'inia nje ya sakristia. Mapigo matatu ya polepole yalikuwa ya misa. Mapigo mengi ya harakaharaka yalikuwa ya kusukuma.

Watu walikuja. Alikuja Manyanda, mfugaji wa Kisukuma aliyehamia na ng'ombe wake miaka michache nyuma, mwenye mabega mapana kama mlango. Alikuja Bibi Romana, mjane mwenye shamba la mpunga karibu na kisima, aliyesukuma kwa mkono mmoja kwa kuwa mkono wa pili ulishika jembe na hakuona sababu ya kulitua. Walikuja wanakwaya. Telesphor alikaa kwenye usukani, maana ndiko ujuzi unakohitajika, akatoa mkono dirishani na kuupunga: haya, pamoja, haya. Injini ikishawaka aliwaacha kwenye moshi, akazunguka uwanja mara moja kwa heshima yao, kisha akarudi kuwashukuru bila kuzima.

"Betri imezeeka," aliwaambia kila mara. "Nguvu iliyobaki inatosha cheche tu. Kuizungusha injini haiwezi."

Wakati watu wakipumua, alipenda kufungua boneti ili waone mambo ya ndani. Huko kulikuwa na kitu alichokionea fahari kuliko leseni yake. Mwaka uliotangulia mpira wa maji ulimpasukia njiani jua likizama, akautengeneza kwa mwanga wa kiberiti na kuunguza vidole vinne. Aliporudi alichukua taa ndogo na swichi ya mlango kutoka gari bovu lililokuwa gereji Mpanda, akazifunga chini ya boneti na kuunganisha waya moja kwa moja na betri. Ukifungua boneti, swichi inaachia, taa inawaka. Ukifunga, inabanwa, taa inazima. Hakuna gari la serikali lililokuwa na kitu kama hicho. Telesphor aliinua boneti polepole, kama anayefunua chakula cha wageni, na taa ikawa iko pale inawaka.

"Inajiwasha yenyewe," alisema. "Sijagusa kitu."

Wanakwaya walitazama. Bibi Romana aliuliza kama inaweza pia kujisukuma yenyewe.

Pengine wangesukuma mpaka leo kama si Sista Emerensiana. Sista huyo alikuwa muuguzi wa zahanati ya misheni, mwembamba, asiyependa maneno mengi, na siku moja alikuwa akirudi kutoka Mpanda na makasha ya dawa. Telesphor alikuwa na desturi ya kutozima injini njia nzima. Alikula huku inanguruma, alisalimia watu huku inanguruma, na watu wa Sitalike walidhani ni mtu mwenye haraka sana. Lakini walipovuka Katuma alikosea gia kwenye matope ya ng'ambo, na injini ikazima yenyewe. Kimya kikatanda. Kwenye dimbwi la kushoto, mwendo wa mtu kutupa jiwe, viboko kama ishirini walikuwa wamelala wamebanana.

"Tuombe," alisema Telesphor.

"Tusukume," alisema Sista. Akavua viatu, akavipanga kitini, akashuka na kanzu yake nyeupe. Halafu akamtazama dereva wake. "Au na mimi nikae kwenye usukani?"

Walisukuma wote wawili, Telesphor akiwa nje mlangoni, mkono mmoja kwenye usukani, na mara ya nne gari likakubali. Mmoja wa viboko aliinua kichwa, akapiga miayo. Sista alipanda, kanzu imegeuka rangi ya chokoleti hadi magotini. Walipofika misheni alikwenda moja kwa moja kwa Padre Anselmo kabla ya kunawa.

Padre alimwita Telesphor kesho yake asubuhi. Misheni ingeuza magunia kadhaa ya mpunga, alisema, na betri mpya ingenunuliwa. Mpanda hakukuwa na ya Landrova. Ilibidi mtu apande treni hadi Tabora.

"Nenda mwenyewe ukachague," alisema Padre. "Sitaki yenye rangi nzuri. Nataka ya kutegemewa, inayodumu."

Telesphor alitoka ofisini amenyooka kama aliyepewa upadrisho.

Alidandia lori la mpunga hadi Mpanda, na kwa kuwa treni ilikuwa ya kesho yake, alikwenda kumwona Celestin, fundi wa malori. Hakwenda kuuliza. Alikwenda kuzungumza, akitumaini kwamba katika mazungumzo Celestin angesema mambo ambayo yeye Telesphor angeyatikisia kichwa kana kwamba aliyajua tangu utoto.

"Kwanza uzito," alisema Celestin akiwa chini ya lori, miguu tu ikionekana. "Mbili za ukubwa mmoja, chukua iliyo nzito. Risasi, ile metali yenyewe, ni nyingi ndani, sahani zake ni nene. Sahani nyembamba zinapukutika kwenye barabara zetu hizi."

"Sahani nene," alisema Telesphor. "Bila shaka."

"Pili, tarehe. Imegongwa kwenye risasi, juu ya ncha, pale zinapofungwa waya. Iliyotiwa maji na kukaa dukani miezi mingi imeshaanza kufa kabla hujailipia. Tafuta iliyo kavu, asidi iwe kwenye chupa yake. Tatu, umepima kile kisanduku inamokaa? Isiyobanwa vizuri inatikisika mpaka inakufa."

"Nimepima," alisema Telesphor, ambaye hakuwa amepima. Usiku ule alilala gesti akijaribu kukumbuka upana wa kisanduku kwa viganja, hewani, juu ya kitanda. Alipata viganja viwili kasoro kidole, halafu viwili na nusu, halafu akasinzia.

Tabora alifika amejaa vumbi na heshima. Duka la vipuri lilikuwa karibu na stesheni, na nyuma ya kaunta alisimama mama mmoja wa makamo, miwani imening'inia kifuani kwa kamba. Kijibao kilisema anaitwa Matilda. Telesphor alisubiri kidogo ili mwenye duka, mwanaume, atokee. Hakutokea mtu.

"Karibu, baba," alisema Matilda.

"Nahitaji betri ya Landrova, mama. Ya kutegemewa, inayodumu."

Mama yule aliweka tatu juu ya kaunta. Ya kwanza ilikuwa na mfuniko mwekundu na picha ya simba. Ya pili ilikuwa nyeusi, haina picha. Ya tatu ilikuwa kubwa kuliko zote; ilionekana kama ingeweza kuwasha meli.

Telesphor alianza kazi. Aligonga kila moja kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Baadaye, akisimulia, alikiri kwamba hakujua alikuwa akisikiliza nini. Lakini alishawahi kuona watu wakifanya hivyo kwa matikiti. Alinusa ya mfuniko mwekundu. Halafu akainua ile kubwa, na mgongo ukalia, naye akaendelea kuishikilia akitabasamu mpaka mama akasema taratibu, "Hiyo ni ya trekta, baba. Kwenye Landrova haiingii labda ukate mwili."

"Nilikuwa napima uzito tu," alisema Telesphor, akaitua.

Matilda alivaa miwani. "Ya zamani ilikufa kwa nini?"

"Uzee."

"Ilikuwa na umri gani?"

"Mwaka mmoja. Na miezi."

"Huo ni uzee?" Mama yule hakucheka, aliuliza tu. "Barabara mbaya zinaua, sikatai. Lakini mwaka mmoja. Dainamo inachaji?"

"Inachaji vizuri. Nimeipima mwenyewe." Hilo lilikuwa kweli.

"Maji unaongeza? Ncha unasafisha?"

"Kila Jumamosi." Hilo nalo lilikuwa kweli. Hakuna dereva aliyetunza gari kama yeye. Kila jioni alilifunika turubai, boneti na mbele yote, ili kuku wasilale juu na umande usiingie.

"Kuna kitu umeongeza kwenye gari? Redio, feni, taa za ziada? Watu wanapenda kuongeza."

"Hakuna," alisema Telesphor. Na hakuwa anadanganya. Ile taa yake ya boneti haikumjia kabisa akilini. Vitu vya kuongeza ni vile wanavyofunga watu wasiojua magari.

Mama alimtazama juu ya miwani muda kidogo, kisha akamsogezea ile nyeusi isiyo na picha. Ilikuwa kavu, chupa ya asidi ilikuwa kwenye kasha lake la mbao. Juu ya ncha kulikuwa na tarehe ya miezi mitatu nyuma. Telesphor aliiinua, kisha ile ya simba, kisha hiyo tena. Nyeusi ilikuwa nzito zaidi. Alitoa kamba aliyokuja nayo, akapima urefu kwa makini, ingawa hakuwa na cha kulinganisha nacho.

"Hii itakaa sana?" aliuliza.

"Inategemea inakwenda kukaa na nani," alisema Matilda, akaanza kuandika risiti.

Katika safari ya kurudi Telesphor hakuthubutu kuiweka betri sakafuni, maana treni ilitikisika, na Celestin alikuwa amesema mambo kuhusu kutikisika. Kasha la asidi alilifunga kwenye mguu wa benchi. Betri aliipakata. Mbele yake alikaa mama mmoja aitwaye Nyanzala, akimpakata mtoto mchanga, na kwa saa nyingi wakatazamana hivyo, kila mmoja na mzigo wake mapajani. Mtoto alilia mara mbili, akanyonyeshwa, akalala. "Wako mtulivu," alisema Nyanzala. Walipofika Kaliua na watu wakishuka kujinyoosha, miguu ya Telesphor ilikuwa imekufa ganzi kabisa, na abiria wawili walimshika kwapani kumsimamisha, huku yeye akikataa kuachia betri.

Ilipofungwa kwenye gari, mbele ya umati, iliingia kwenye kisanduku barabara, kama iliyozaliwa humo. Telesphor alipumua pumzi aliyoibana tangu Mpanda. Alitia asidi, akangoja, akakaa kwenye usukani, akabonyeza. Injini ikawaka papo hapo. Bibi Romana, aliyekuwa amekuja na jembe lake tayari, aligeuka akaenda shambani.

Betri ya zamani aliichukua Mwalimu Gelasius wa shule ya msingi. Aliichaji mara moja kwa jenereta ya misheni, akaiunganisha na redio yake kubwa. Telesphor alimwonya kwamba itampa siku mbili. Ilimpa wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Kila alipopita alisikia taarifa ya habari ikitoka dirishani, nzito na safi.

"Bado inaimba," alisema Mwalimu.

"Betri ya gari ikizeeka inapenda kazi nyepesi," alijibu Telesphor. Alilipenda jibu hilo, akalirudia kwa watu kadhaa.

Wiki zile za mwanzo gari lilikuwa na kazi kila siku: mpunga, wagonjwa, na askofu aliyekuja kwa kipaimara. Kisha zikaja mvua, barabara ikajaa maji, gari likalala siku tano chini ya turubai. Siku ya sita Sista alitaka kwenda Sitalike. Telesphor alibonyeza. Kikasikika kimlio kama cha mtu anayekohoa kwa adabu kanisani. Akafungua boneti. Taa yake ilikuwa ikiwaka nyekundu, hafifu, kama kaa linalozimika.

"Imekufa," alisema.

"Ile mpya?" aliuliza Sista.

Alikwenda kugonga reli harakaharaka, na hakuwahi kutembea mwendo mrefu kama ule kati ya kichuguu na sakristia. Watu walikuja, wamelowa. Walisukuma tu, Manyanda, wanakwaya, Bibi Romana na jembe, na ukimya wao ulikuwa mzito kuliko gari. Jioni ile Telesphor alimwambia mkewe, Eufrazia, kwamba mama wa Tabora amemwibia.

"Si ulichagua mwenyewe, baba Fabiani?"

"Nilichagua vizuri. Ameniuzia vibaya."

Siku iliyofuata upepo wa alfajiri ulivuma kabla ya mvua. Eufrazia alitoka mapema kwenda kuwinga ndege mpungani, na njia yake ilipita nyuma ya ghala. Alirudi upesi, akasimama mlangoni.

"Baba Fabiani, turubai limepeperuka."

"Nitalifunika."

"Na gari lako lina moto tumboni."

Telesphor alitoka na shuka. Pua ya gari ilitazama mbugani, kama alivyoiegesha siku zote, na kulikuwa bado na giza kidogo. Katikati ya wavu wa mbele, nyuma ya rejeta, palikuwa na mwanga mdogo wa manjano. Alifungua boneti: taa inawaka. Hiyo ndiyo kazi yake. Alifunga, akainama, akachungulia kwenye wavu. Inawaka. Alifungua tena, akafunga kwa nguvu, akachungulia. Inawaka. Alifungua polepole, akafunga polepole. Alijifanya anaondoka, akageuka ghafla kama anayevizia mwizi. Inawaka.

Akaigusa swichi kwa kidole. Ilikuwa imekwama zamani, imejaa vumbi na kutu, haishuki wala haipandi. Taa haikuwa ikijiwasha alipofungua boneti. Haikuwahi kuzimika. Kwa mwaka mzima, mchana na usiku, chini ya turubai alilolifunga yeye mwenyewe kwa fundo alilojivunia, ilikuwa ikiinyonya betri taratibu, na kila Jumamosi yeye alikuja kuipangusa kioo.

Eufrazia alikuwa amesimama nyuma yake na fimbo ya kuwingia ndege. "Kwa hiyo siyo moto," alisema.

"Siyo moto."

"Ni nini?"

Telesphor alifunga boneti. "Ni mimi," alisema.

Mtu mwingine angekwenda kwa Padre asubuhi ile ile. Telesphor alikata waya, akaitia taa mfukoni, akamwomba Eufrazia asiseme kwanza. Akaliendesha gari siku nzima ili lichaji. Tangu siku hiyo likawaka kila asubuhi, likalala bondeni kama magari mengine, na kichuguu kikaota nyasi. Alidhani mambo yataishia hapo. Hakuwa amefikiria sifa.

Sifa zilikuja kutoka pande zote. Padre alimtaja kwenye matangazo ya Jumapili: betri ilikuwa na ugonjwa kidogo, dereva wetu akaiponya. Manyanda alileta kibuyu cha maziwa ya mgando. Dereva wa idara ya wanyama alisimama njiani kumuuliza ile betri nyeusi inauzwa wapi. Telesphor alipokea yote akitazama chini, nao wakasema, tena ni mnyenyekevu. Maziwa yalikuwa mazuri sana. Alikunywa yote, akakirudisha kibuyu usiku, asionekane.

Kisha Mwalimu Gelasius akaja na wazo. Alikuwa anaendesha darasa la watu wazima, saa kumi jioni, nao walikuwa wamechoka kusoma habari za mbolea. Alitaka mtu mwenye ujuzi aje kueleza jinsi ya kuchagua betri. Telesphor alisema ana kazi. Mwalimu alisema amekwisha kumwomba Padre ruhusa.

Walikuwa watu thelathini na zaidi, wamebanana kwenye madawati ya watoto, magoti juu. Bibi Romana alikaa mbele na daftari lake. Sista Emerensiana alisimama mlangoni. Telesphor alichora betri ubaoni, ikatokea kama ng'ombe asiye na kichwa. Alieleza uzito. Alieleza sahani nene, tarehe kwenye ncha, betri kavu na asidi pembeni, kisanduku na viganja. Alieleza vizuri, alishangaa jinsi alivyoeleza vizuri. Watu waliandika. Kutoka nyumba ya Mwalimu, ng'ambo ya uwanja, redio ilikuwa ikisoma salamu.

Bibi Romana aliinua mkono. "Na ile ya zamani," alisema, "hiyo inayosoma salamu pale. Ilikufa kwa ugonjwa gani?"

Telesphor alishika chaki. Jibu lake la kazi nyepesi lilikuwa mdomoni tayari. Aliwatazama, mmoja mmoja, na akagundua kwamba kila uso mle ndani alikuwa ameshauona ukitokwa jasho kwenye kioo chake cha nyuma.

"Haikuwa na ugonjwa," alisema. Akatoa ile taa mfukoni, akaiweka mezani, akawaambia yote, tangu swichi hadi turubai. Kwa kuwa alikuwa ameshaanza, akaongeza na mengine ambayo hayakuhitajika: habari ya kugonga betri kama tikiti, habari ya betri ya trekta, ile ya kutopima kisanduku. Alipofika kwenye miguu iliyokufa ganzi Kaliua, mtu wa nyuma alishindwa kujizuia, akacheka.

Lakini wengine walikuwa wakiiangalia taa. Ilikuwa ndogo kama kidole gumba.

"Kwa hiyo," alisema Manyanda polepole, kwa ile sauti yake nzito ya Kisukuma, "tulikuwa tunasukuma hiyo."

"Ndiyo."

"Mwaka mzima."

"Mwaka na miezi."

Manyanda alifikiri. "Nyie mnaonaje?" aliwauliza wenzake. "Mimi naona huyu atupakie. Nilivyosukuma mimi, umbali wangu unafika Mpanda. Anirudishie."

Hapo ndipo darasa lilipovunjika kwa kicheko, na Sista mlangoni akajifunika uso kwa kitambaa chake. Mwalimu aligonga meza, hakusikika. Padre, alipopelekewa habari, alikubali hukumu hiyo bila kubadili neno, ila alisema Mpanda ni mbali mno. Kila aliyesukuma apelekwe hadi Mto Katuma na kurudi, siku ya Jumamosi, makundi kwa makundi, na dereva awe ndiye wa kufungua na kufunga milango.

Ilichukua Jumamosi sita. Wanakwaya waliimba kwenda na kurudi. Manyanda alikaa mbele peke yake, hakutaka kubanwa, akaamuru gari lisimame mara tatu njiani, lizimwe na kuwashwa tena, ili afaidi kusikia. Watu ambao Telesphor hakuwahi kuwaona wakisukuma walifika na kuapa kwamba walisukuma, naye hakuwa na hali ya kubishana.

Bibi Romana alikuja Jumamosi ya mwisho, na safari hii jembe aliliacha nyumbani. Walipofika Katuma aliteremka, akanyoosha mgongo, akaomba aonyeshwe hiyo betri iliyopandishwa treni. Telesphor alifungua boneti. Ndani kulikuwa na giza la kawaida. Bibi aliinama, akaitazama ile nyeusi isiyo na picha, imebanwa vizuri kwenye kisanduku chake.

"Ndiyo yenyewe?"

"Ndiyo, bibi."

"Nzuri hii," alisema. "Umechagua vizuri." Alimtazama kuona kama ameelewa kwamba hamtanii. Kisha akauliza kama gari linaweza kurudi kwa kupitia kisimani, kwa sababu mpunga wake ulikuwa umeanza kuinama na ndege hawajui kwamba ni Jumamosi.